Asili ya Krismasi na Ng'ombe wa Siku ya Mwaka

Kila ufikapo mwezi wa Disemba, huzuka mabishano baina ya Wakristo wenyewe: je, yafaa kuadhimisha Krismasi ikiwa asili yake yasemekana kuwa ya kipagani? Wako Waislamu wa kwetu pwani ambao husikia hayo wakacheka. Kwa maoni yangu, kicheko hicho hakina mahali pake.

Injili hazikutaja tarehe aliyozaliwa Nabii Isa. Tarehe 25 Disemba yapatikana katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, na kalenda hiyo hiyo yaitaja kuwa ni siku ya "Asiyeshindwa", ambaye wataalamu wengi humchukua kuwa ni mungu jua wa Warumi. Wengi husema kanisa liliichukua sikukuu ya jua likaivika kanzu mpya. Wengine hupinga, wakisema zilihesabiwa tu siku za mimba ya Mariamu toka Machi 25.

Lisilo na ubishi ni agizo la Papa Gregory la mwaka 601 kuhusu Uingereza. Aliagiza mahekalu ya wapagani yasivunjwe, bali yaondolewe masanamu tu. Na ng'ombe waliokuwa wakichinjiwa mashetani wachinjwe kwa karamu ya kumshukuru Mungu.

Wakristo wote hawakuridhika na njia hiyo. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, lililokuwa mikononi mwa Wapuritani, lilipiga marufuku Krismasi, na watu wa Canterbury wakafanya ghasia. Huko Massachusetts sheria ya mwaka 1659 ilimtoza faini ya shilingi tano mwenye kuisherehekea, hata ilipofutwa mwaka 1681. Hadi leo Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi.

Sasa na tugeukie kwetu, kwani nyani haoni kundule. Siku ya Mwaka tuliyorithi kwa wazee wetu ni Nairuzi, na Nairuzi ni neno la Kiajemi lililokuwako kabla ya Uislamu. Kule Makunduchi, Unguja, watu hupigana kwa mabua ya migomba, kibanda kikachomwa moto. Katika miji yetu ng'ombe alizungushwa mji kwa dua na visomo, kisha akachinjwa na watu wakala pamoja. Je, ng'ombe huyo ana tofauti gani na ng'ombe wa Papa Gregory?

Wako masheikh waikatazao siku hiyo, na hoja wanayo. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu na siku mbili za michezo ya kijahilia, akawaambia kuwa Mungu amewabadilishia zilizo bora: Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufungua.

Lakini tukumbuke na habari ya Safa na Marwa. Masahaba waliona uzito kukimbia baina ya vilima hivyo kwa kuwa washirikina walikuwa na masanamu hapo. Ikashuka aya katika Sura ya Al-Baqara kuwaondolea wasiwasi. Basi asili peke yake haikutosha kuharamisha. Kilichotazamwa ni amri ya Mungu na nani aabudiwaye.

Kwa hivyo swali la haki, kwa Mkristo na kwetu, si jambo lilitoka wapi, bali leo lafanywa kwa ajili ya nani. Akichinjiwa mzimu, hiyo ni shirki, hata wakiwako wasomaji wa Yasini. Ama kuhesabu miongo kwa ajili ya kupanda na kusafiri baharini, kuoga pwani na kulishana majirani, hayo ni elimu na ujirani mwema.

Na wazee waijuao hesabu ya miongo wazidi kupungua. Tukiyatupa yote pamoja bila ya kupambanua, tutakuwa tumeondoa uchafu pamoja na hazina. Na jirani Mkristo anapojiuliza juu ya Krismasi yake, tusimcheke. Tumkaribishe barazani, tujiulize pamoja.