Si Kila Shavu Lililovimba ni Matubwitubwi

Mtoto akiamka shavu limefura, watu wa nyumbani husema ni matubwitubwi, na mara nyingi husadifu. Lakini tuna jozi tatu kubwa za tezi za mate: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Tezi hizi huvimba kwa sababu mbalimbali, na kila sababu ina tiba yake.

Matubwitubwi huletwa na virusi. Huja na homa, aghalabu huvimbisha pande zote mbili, kisha hupoa yenyewe. Mgonjwa asiende skuli wala chuoni kwa siku 5 tangu uvimbe uanze, asije akaambukiza wenzake. Chanjo ya surua na rubela haikingi maradhi haya. Mvulana aliyebaleghe akiumwa na korodani, apelekwe hospitali.

Uvimbe unaozuka wakati wa kula, kisha ukanywea, mara nyingi ni dalili ya kijiwe kilichoziba mfereji wa mate, hasa chini ya taya. Dawa ya kupaka shavuni haikitoi kijiwe hicho.

Wazee na wagonjwa waliodhoofika wana hatari nyingine. Maji yakipungua mwilini, mate hupungua pia, na bakteria wa mdomoni hupata njia ya kuingia katika tezi. Shavu huwa jekundu, homa hupanda, na usaha wenye ladha mbaya hutoka mdomoni. Huyu amwone daktari siku hiyo hiyo. Katika Ramadhani tuwahimize wazee wetu kunywa maji baina ya futari na daku. Na aliye mgonjwa, dini imempa ruhusa ya kula.

Kinachopuuzwa zaidi ni kivimbe kigumu kisichouma, kikuacho polepole. Vingi si saratani, ila hakuna awezaye kujua kwa kutazama tu. Kikipita wiki mbili, kipimwe. Uso ukilegea upande mmoja, msingoje hata siku moja.

Mwendapo kwa daktari, chukueni majibu ya maswali matatu: uvimbe ulianza lini? Je, huzidi wakati wa kula? Je, unauma? Majibu hayo humwonyesha daktari pa kuanzia.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.