Rendia Hawaishi Kitale, Mbona Tunawakata?

Najua hii itanikosanisha na wasee wengi tunaokata mbao, lakini wacha niseme kabla Desemba haijafika turudie makosa ya mwaka jana. Mapambo ya Krismasi tunayotengeneza huku kwetu yamejaa rendia, nyota za theluji na watu wa theluji, na hiyo ndiyo sababu hayatoki. Shida sio bei, na sio eti Wakenya hawapendi vitu vya mkono. Shida ni kwamba tunakata vitu ambavyo kontena moja kutoka Uchina inaleta kwa maelfu, vinang'aa, na dazeni nzima unauziwa kwa pesa ya sahani ya chapati na ndengu.

Nina haki ya kusema hivi kwa sababu mimi ndiye niliongoza huo ujinga. Chini ya kitanda changu hapa Kitale kuna katoni, na ndani ya katoni kuna rendia 61 wa mbao. Nilikata 96. Hao 96 ni wale wazima. Waliovunjika pembe waliishia jikoni kwa kukhu, wakapika ugali.

Kwa wenye wamejiunga juzi na hawajui hii mashine: skroli ni msumeno wa umeme wa kukaa mezani, bledi yake ni nyembamba kama njiti ya ufagio. Bledi inapanda na kushuka palepale, wewe ndiye unazungusha mbao. Huwezi pasua gogo nayo. Kazi yake ni kona ndogo ndogo na matundu ya ndani. Na tundu la ndani lina shughuli: unatoboa na drili, unafungua bledi upande mmoja, unaipitisha kwa shimo, unaifunga tena, unakaza, ndio unakata. Pambo likiwa na matundu kumi na mawili, umefungua na kufunga bledi mara kumi na mbili. Watu wanaona video ya sekunde arobaini wanafikiri ni kama kukata keki.

Na hata hiyo mashine sio yangu. Ni ya khocha, ndugu ya mama, fundi wa viti na kabati huko Bungoma upande wa Kanduyi. Aliinunua mtumba akitaka kuweka nakshi kwa migongo ya viti, akaona inamchelewesha, akaifunika na gunia. Nilipomaliza shule na kazi hakuna, nilimuuliza, "Khocha, hii ni ya nini?" Akacheka, akanipa masharti mawili: nifunge nywele, na nisiwahi gusa ule msumeno mkubwa wa duara. Kwa hivyo Ijumaa jioni napanda matatu, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, mpaka Bungoma, na Jumapili narudi Kitale na mfuko wa vipande na nywele zimejaa vumbi la mbao. (Webuye nayo, kama ulipita huko ukiwa mtoto, unakumbuka ile harufu ya kiwanda cha karatasi. Kilifungwa 2009. Mji mzima ulikuwa unakula kwa miti, halafu siku moja basi.)

Sasa, rendia. Nilitoa patani ya bure kwa mtandao, kama nyinyi wote. Nikachukua mabaki ya saiprasi kwa khocha kwa sababu ni ya bure na inanukia vizuri. Hapo ndipo nilijifunza kitu ambacho patani haikuniambia. Mbao ina uzi wake, ile mistari inayokimbia upande mmoja. Ukikata kitu chembamba kikifuata mstari, kinashika. Ukikata kikikingama na mstari, kinavunjika kama biskuti. Pembe za rendia zinaenda kila upande! Moja inafuata uzi, tatu zinaukingama. Unamaliza, unapiga msasa polepole kama unampangusa mtoto uso, na pembe bado inaanguka mezani. Na saiprasi ina utomvu, bledi inapata joto, mbao inaungua pembeni inakuwa nyeusi. Ilinichukua wiki kujua kwamba ukibandika selotepu juu ya mbao kabla ya kukata, bledi inateleza na haiunguzi sana.

Nikapeleka 40 kwa duka moja mjini, sitalitaja. Tukakubaliana nilipwe zikiuzwa. Januari nikarudishiwa 26. Zile 14 eti "zilipotea". Sikulipwa hata shilingi. Lakini ukweli ni kwamba mwenye duka sio aliniuma sana. Aliyeniuma ni mama mmoja nilimpata hapo mlangoni kabla ya Krismasi, ameshika rendia wangu mkono mmoja na wa plastiki mkono ule mwingine. Hakujua ni mimi. Akauliza mhudumu, "Mbona hii ni soo mbili na ile ni mbao tano, na ni kitu kile kile?"

Kitu kile kile. Nilikasirika nikitoka hapo, nikapita soko lote nikiongea peke yangu. Lakini mama alikuwa sahihi. Rendia wangu hakuwa na kitu chochote cha kumwambia kwamba alitoka kwa mtu, Bungoma, kwa mabaki ya mbao za kabati. Alikuwa rendia tu, na rendia wa plastiki havunjiki pembe.

Fikirieni Krismasi ya kwetu inakaa aje. Kitale mwezi wa kumi na mbili ni jua. Mahindi yanamaliziwa kuvunwa, yanaanikwa barabarani, yanapigwa, magunia yanashonwa. Nauli zimepanda, stendi imejaa watu wanaoenda ushago na kuku amefungwa miguu. Nyumbani mti wa Krismasi ni tawi la saiprasi lililokatwa kwa ua, likasimamishwa kwa debe la mchanga, likafungwa baluni. Na theluji? Theluji yetu ni pamba ya duka la dawa, imetawanywa kwa majani. Sicheki hiyo pamba, mimi ndiye nilikuwa naitawanya na bado naipenda. Nacheka kwamba mimi na skroli ya khocha na masaa yangu yote, kitu niliweza kufikiria ni pamba ingine, ya mbao.

Halafu nikaanza kusoma hizi patani zinatoka wapi. Ujerumani kuna milima inaitwa Erzgebirge, mpakani na Czechia, na huko kuna kijiji, Seiffen, kinachojulikana dunia nzima kwa mapambo ya Krismasi ya mbao. Wale watu walikuwa wachimba madini. Bati. Madini yalipoisha wakageukia mbao ndio wale. Na unajua ni nini wanaweka dirishani Krismasi? Mchimba madini. Amevaa nguo zake za kazi, ameshika mishumaa, amesimama na malaika. Kuna tao lao la mishumaa ambalo mchoro wake maarufu ulichorwa na Paula Jordan mwaka wa 1937: ndani kuna wachimba madini wawili, mchonga mbao mmoja, na mwanamke anafuma lesi. Yaani walijikata wenyewe. Walikata kazi yao, na leo watu wanalipa pesa nzuri kwa mchimba bati wa mbao wakati hata mgodi hakuna. Sisi tuliona tu kwamba ni "mapambo ya Krismasi", tukaruka sehemu ya muhimu.

Najua kuna mtu anataka kuniambia, sawa, basi tukate twiga na ndovu. Hapana, pole. Hiyo tumeshaijaribu kama nchi. Mzee Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, anasemwa alijifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nyumbani na ufundi ambao baadaye ulilisha maelfu ya familia. Lakini enda sokoni leo uangalie: twiga yule yule, ndovu yule yule, meza baada ya meza, na mtalii anashusha bei kwa sababu anajua jirani yako ako naye pia. Hata mti wenyewe, muhugu, ulichongwa mpaka ukawa adimu, wachongaji wakahamia jakaranda, mwembe na mwarobaini. Twiga anaweza kuwa rendia pia, akikatwa na kila mtu bila kufikiria.

Kwa hivyo mwaka jana nilianza na vitatu tu.

Cha kwanza nzohe. Kama uko Kitale na hujui nzohe, usijali, sikuwa namjua mpaka nilipoenda Saiwa. Hiyo ndiyo mbuga ndogo kuliko zote za taifa Kenya, haifiki hata kilomita mraba 3, ilitengwa 1974 kwa ajili ya huyu mnyama. Gari haliingii, unatembea kwa miguu. Nzohe ni swala wa kinamasi, kwato zake ni ndefu na zinapanuka asizame, na akiogopa anaingia majini anabakisha pua. Nilipoona hivyo nilicheka peke yangu pale juu ya jukwaa la mbao, kwa sababu shida yangu ya miguu myembamba kuvunjika ilikuwa imeisha. Nikamkata akiwa ndani ya maji! Chini ni mawimbi, mazito, hayavunjiki. Pembe mbili tu, zinafuata uzi wa mbao kwenda juu.

Cha pili litungu. Hii nilikata ya kwanza haraka, nikaweka nyuzi tano kwa sababu matundu yalinichosha. Mzee mmoja jirani ya khocha akaishika, akahesabu kwa kucha, akanirudishia. "Mwanangu, litungu ni saba." Hakuongeza kitu. Nikarudi mezani nikakata saba. Matundu ya katikati ni membamba mpaka nimevunja bledi nyingi kuliko ninavyotaka khocha ajue.

Cha tatu boda: dereva, mama, mtoto katikati, gunia nyuma, na kuku ananing'inia kichwa chini. Boda moja inachukua dakika arobaini. Sasa hivi nabandika plaiwudi tatu pamoja na tepu, nakata mara moja, natoa tatu.

Msinielewe vibaya, sikuwa tajiri. Kwa yote matatu niliuza 74, kwa soo mbili na nusu, na ukitoa bledi, msasa, vanishi, nauli na tokeni za stima, nilibaki na pesa ya kulipa kodi ya mwezi mmoja na kununua drili yangu. Nzohe alisumbua. Watu walimgeuza geuza wakaniuliza, "Ni mbuzi anaogelea?" Mpaka nikaanza kuandika nyuma yake mistari miwili kuhusu Saiwa, ndio wakaanza kununua, wengi wakishangaa kwamba anaishi hapa karibu na sio Afrika Kusini. Litungu lilitoka Bungoma, Kitale halikusonga kabisa. Boda ilitoka kila mahali, na watu wote wanataka jina kwa gunia. "Andika Mama Brayo." Sawa, naandika.

Na hapa ndio napingana na wale wanasema "soma soko, kastoma anataka rendia". Kastoma hajawahi kuonyeshwa kitu kingine. Yule mama wa dukani hakuwa anatafuta rendia, alikuwa anatafuta pambo, na rendia ndio walikuwa kwa rafu. Mwaka jana hakuna mtu hata mmoja aliweka boda yangu kando ya kitu cha plastiki akaniambia ni kitu kile kile. Walisema ni ghali, hiyo walisema, na mimi pia nasema mafuta ni ghali. Hayo ni mazungumzo tofauti.

Kuna rafiki yangu Nairobi ako na mashine ya leza. Ananiambia najisumbua, anaweza kukata boda yangu mia huku anakunywa chai. Ni kweli. Sidanganyi mtu hapa eti mkono ni mtakatifu na mashine ni dhambi. Skroli yenyewe inaingia kwa soketi. Lakini alinitumia picha ya litungu alilokata kutoka kwa mchoro wa mtandao, safi kabisa, kingo zimenyooka. Nikahesabu. Nyuzi nne.

Mwaka huu naanza mwezi wa tisa, sio wa kumi na mbili usiku stima ikipotea. Nimeongeza gunzi la mahindi na debe lenye tawi la saiprasi, na ndiyo, lina pamba juu, pamba halisi ya duka la dawa nimebandika na gamu. Kama uko Kakamega, kata kitu cha Kakamega, mimi sitakuja kukukatia. Vaa maski, hilo vumbi ni baya kuliko linavyoonekana. Patani ya nzohe nitaiweka hapa Jumamosi, bure.

Na kama bado unataka rendia, nitafute Kitale. Niko nao 61, sitaki hata bob, bora ubebe wote.