Bangi ya Uluguru na hoja ya maji

Mwandishi anayetaka bangi ya Uluguru iendelee kufyekwa tu ana hoja moja nzito: kulinda maji. Kweli, mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam huanzia huko. Ila hajiulizi kwa nini bangi ijifiche msituni, kando ya vijito. Kabichi na njegere za Mgeta ziko peupe kwenye matuta, na hulipiwa ushuru. Bangi inafuata kificho kwa sababu sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inamfunga mkulima. Malawi ilihalalisha bangi ya tiba na viwanda mwaka 2020, kwa leseni. Nasi tukifanya hivyo, mwenye leseni akilima ndani ya mita 60 za mto, ambako sheria inakataza, atajulikana na kutozwa faini. Sasa hivi shamba linafyekwa, mwenyewe keshakimbia, halmashauri haipati hata senti.