Mama Akija Kampasi Atalala Wapi?

Kuna wazo linazunguka hosteli tangu muhula ulipoanza, na sasa limeshafika kwenye vikao vya wawakilishi. Ukilisikia mara ya kwanza utalipenda. Kila mwanafunzi aandike kwao ni wapi, mkoa, wilaya, kijiji au mtaa, na kama nyumbani kuna nafasi ya kumlaza mgeni. Orodha ikikamilika tubadilishane na wenzetu wa vyuo vya nchi jirani. Wao walale kwetu, sisi tulale kwao. Lusaka, Nairobi, Kampala, Mzuzu, unazunguka kote huko kwa nauli ya basi tu. Mwana mmoja wa mwaka wa pili alinieleza huku macho yanang'aa: "Yaani ni dezo, dada. Kulala dezo, msosi dezo."

Hilo neno dezo ndilo lililonifanya niandike.

Kusafiri peke yangu na kulala kwa wenyeji nimeshafanya, na nitafanya tena nikipata nafasi. Lakini mimi pia ni mtoto wa nyumba ambayo wageni hulala. Kwetu ni Lundo, mwambao wa Ziwa Nyasa, kati ya Liuli na Mbamba Bay. Zamani ukiulizwa wilaya unasema Mbinga. Tangu 2012 tuna wilaya yetu ya Nyasa, ingawa wazee bado wanasema Mbinga. Ni pazuri, sikatai. Mchanga, mawe makubwa, milima nyuma, maji baridi mbele. Ndiyo maana watu wanakuja: mtafiti wa samaki, kijana anayezunguka nchi kwa baiskeli, rafiki wa binamu aliyesikia kwamba "kule kwenu kuna ufukwe". Gesti zipo Mbamba Bay, ila mgeni akishafika Lundo jua linazama hawezi kuambiwa arudi. Analala kwetu.

Sasa niwaeleze kinachotokea ndani, maana mgeni mwenyewe hakioni. Bibi hatangazi kitu. Utagundua tu kuku mmoja amepungua bandani. Wadogo zangu wawili wanahama kitandani, wanatandikiwa mkeka sebuleni, na chandarua kinahama kwenda kwa mgeni. Mama anaamka kabla ya alfajiri, kwa sababu maji ya kuoga yanachotwa ziwani na yanapashwa kwa kuni, na kuni hazijileti. Mbasa aliyekuwa apelekwe kuuzwa anabaki jikoni. Kwetu ugali ni wa muhogo, na sisi tunaupenda, ila mgeni hapikiwi muhogo siku ya kwanza, unatafutwa wali. Sukari inakopwa dukani. Na asubuhi lazima mwenyekiti wa kitongoji aambiwe kuna mtu mgeni, katoka wapi, anakaa siku ngapi. Huyo mtu akizama ziwani au akigombana na wavuvi, atakayeitwa kujieleza ni mama.

Kisha mgeni anaondoka, anaagana kwa furaha, na huko mbele anasimulia: "Watu wa kule wakarimu mno, sijatumia hata mia."

Ni kweli hakutumia. Mia imetumika, ila imetoka mfuko mwingine. Nakumbuka mmoja aliyekaa siku tisa. Kijana mwema, mcheshi, watoto walimpenda sana. Alipoondoka, deni la dukani lilikaa mpaka msimu wa dagaa, na mama hakumlaumu hata siku moja. Hapo ndipo watu wanapopotea: wanaona mwenyeji halalamiki, wanadhani hakuna gharama.

Najua jibu lenu. Ukarimu ndiyo utamaduni wetu, ukianza kuhesabu kuku na sukari unaua Uafrika wenyewe. Hoja hii nimeisikia kantini, imesemwa kwa sauti kubwa na watu ambao hawajawahi kuchota hata ndoo moja kwa ajili ya mgeni. Tuangalie basi huo utamaduni ulivyokuwa.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita pwani yetu mwaka 1331 na kufika mpaka Kilwa. Huko juu, Mogadishu, aliona jambo akaliandika. Meli ikitia nanga, vijana wa mji walikuwa wanaifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa. Kijana anamkabidhi mfanyabiashara mmoja chakula na kusema huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mgeni analala kwa huyo mwenyeji, na ni mwenyeji anayemuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachotaka. Atakayefanya biashara na mgeni pembeni, bila mwenyeji kuwepo, biashara yake haihesabiki. Sijui mnaonaje, ila mimi hapo sioni dezo. Naona mkataba. Mgeni anapata kitanda, chakula na mtu wa kumsimamia katika mji asioujua. Mwenyeji anapata sehemu yake katika biashara. Kila upande unajua unadai nini na unadaiwa nini.

Sisi wa bara tuna ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika kijitabu chake cha Ujamaa, akieleza kwamba katika jamii yetu ya zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, na mgeni vilevile. Siku hizi tunaitaja kwa utani, kama njia ya kumfukuza mtu. Naisoma tofauti. Anayepewa jembe hafukuzwi, anaingizwa. Kabla ya jembe unakalishwa kwenye kiti kizuri na watu wanakutazama. Baada ya jembe unaambiwa mambo ya ukweli.

Jembe langu mimi nilipewa Mzuzu, kaskazini mwa Malawi, na halikuwa jembe, ilikuwa ungo.

Safari ile niliipanga kwa hesabu kali. Pasipoti peke yake ni shilingi 150,000, na kwa boom la shilingi 10,000 kwa siku hizo ni siku 15 za maisha yako. Viza Mtanzania haombi Malawi, hapo nilipumua. Jambo la ajabu ni kwamba Malawi iko mbele ya macho yetu, hewa ikiwa safi tunaiona milima yake, lakini kufika huko lazima uzunguke ziwa. Nilipanda MV Mbeya II, meli iliyoanza kazi mwaka 2021, mpaka Kyela, nikavuka mpaka Kasumulu, nikapanda gari hadi Karonga, na kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 200 kufika Mzuzu.

Mwenyeji sikumpata kwa bahati. Ukoo wetu ni wa Anglikana, kama familia nyingi za mwambao, na ziwa hili liliunganishwa na misheni moja tangu enzi za mabibi wa mabibi zetu. Meli yao, Chauncy Maples, ilianza kusafiri ziwani mwaka 1901 na kuhudumia pande zote. Basi akina mama wa kanisani kwetu wanawajua akina mama wa Likoma, wa Likoma wana ndugu Mzuzu. Simu zilipigwa tatu. Kufikia napanda meli, huko ninakokwenda walishajua jina langu, la mama yangu, la bibi yangu, na kwamba sili nguruwe.

Wenzangu wa kike mtanielewa. Nilikuwa msichana peke yangu katika mji wa nchi ya watu, lugha nachechemea. Watu wananiuliza, hukuogopa? Niliogopa kidogo, kwenye gari. Lakini nyumbani kwa Mayi, ndivyo nilivyomwita, sikuogopa hata usiku mmoja. Ningemkosea adabu, habari zingefika Lundo kabla yangu. Na mimi ningekosewa, habari zingefika Lundo vilevile, na kuna bibi mmoja angepiga simu ya nne. Ulinzi wa aina hii hauandikwi kwenye fomu ya majina na namba za simu.

Mlangoni nilisema "hodi" kwa mazoea tu. Ndani wakajibu "odini!" Nilicheka peke yangu pale nje, kumbe hata hodi tumegawana.

Nilibeba kilo tano za mchele wa Kyela, kahawa ya Mbinga na kitenge. Mayi anauza usipa sokoni, ndio dagaa wetu haohao kwa jina lao. Siku ya kwanza na ya pili nilikaa kwenye kiti. Siku ya tatu aliniwekea ungo mapajani, tukaanza kutoa mchanga na vijiti kwenye usipa. Kazi ninayoijua tangu utoto. Na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Nilijua anavyopangiwa bei na wanaoleta mzigo kutoka Nkhata Bay, nilijua kwa nini binti yake mkubwa aliacha shule, nilijua anavyowafikiria Watanzania (siandiki yote). Kwenye kiti ningeondoka na picha za soko.

Kumpa hela mkononi isingewezekana, angeona namdharau. Ila nililala pale usiku sita nikiwa na macho. Nikaona mkaa uko chini ya gunia, sukari inapimwa kwa kijiko. Siku ya nne nilitoka na mtoto wake kwenda "kutembea", tukarudi na gunia la mkaa, sukari na sabuni. Mayi akafoka kidogo, kama inavyotakiwa. Jumla yake ilikuwa ndogo kuliko gesti ya usiku mitatu. Hiyo bado ni safari ya bei nafuu, bana. Nafuu na dezo ni vitu viwili.

Wazungu nao wamelijaribu jambo hili kwa njia yao. Servas ilianza Denmark mwaka 1949, baada ya vita kuu, kwa nia kwamba watu wakilala nyumbani kwa wengine amani itakua. Couchsurfing ilikuja 2004 kwa njia ya intaneti na kusambaa dunia nzima, mpaka mwaka 2011 ikageuzwa kampuni ya kutafuta faida. Mwaka 2020, katikati ya korona, wanachama wa nchi nyingi wakakuta mlango umefungwa mpaka walipe, pamoja na wale waliokuwa wakilaza wageni kwa miaka bila kupokea senti. Somo ninaloliona hapo ni dogo tu: anayemiliki orodha si anayepika. Na orodha yetu hii itamilikiwa na nani? Kamati. Kamati inayobadilika kila uchaguzi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni jepesi. Fomu isijazwe na mwanafunzi. Mimi sina mamlaka ya kuandika "nafasi ipo" kuhusu nyumba ambayo sipiki, sichoti maji na nipo kwa wiki nne kwa mwaka. Apigiwe simu anayepika. Aulizwe usiku mangapi, miezi gani (msimu wa mvua na kilimo usimpeleke mtu), wa kike au wa kiume. Mgeni aende na chakula chake cha siku za kwanza, na awepo mtu mmoja anayemjua anayeweza kumdhamini kwa jina. Sio chama, mtu.

Ombi la pili ndilo zito. Mnazungumzia kubadilishana. Wao walale kwetu, sisi kwao. Sawa. Lakini "kwetu" ya mwanafunzi ni wapi, si hapa kampasi? Na hapa tunampokea nani? Sheria za hosteli zinasema mgeni mwisho jioni, kulala marufuku. Tunajua tunavyoishi: tunabebana, wawili kitanda cha futi mbili na nusu, kwa sababu vyumba havitoshi, na kila mwaka wa kwanza asiye na chumba amelala kwa mtu aliyekubali kubanana. Huo ndio ukarimu halisi wa chuo hiki, na kwa mujibu wa karatasi ni kosa.

Mwaka jana mama alikuja kutoka Lundo. Mbamba Bay, Mbinga, Songea, kisha usiku mzima barabarani. Alikuja na dagaa, na mchele, na kitenge, kama nilivyobeba mimi kwenda Mzuzu. Alikaa na mimi kwenye benchi nje ya hosteli mpaka saa mbili usiku, kisha mlinzi, kijana mpole tu anayefanya kazi yake, akatuambia muda umeisha. Nilimpeleka kwa ndugu wa jirani yetu, mabasi mawili kutoka hapa, watu ambao hajawahi kuwaona. Walimpokea vizuri. Mwanamke ambaye nyumba yake mnataka kuiweka kwenye orodha hana pa kulala kwenye chuo ambacho mwanawe anasoma.

Wawakilishi wetu wana kikao na uongozi wa chuo kabla ya muhula kuisha. Ajenda ya wenyeji wa kimataifa ishushwe namba mbili. Namba moja iwe chumba cha wazazi: vitanda vinne, vyandarua, bafu, sehemu ya kuchemshia chai, daftari la kuandika majina, usiku usiozidi mitatu, na sisi wanafunzi tupange zamu ya kufanya usafi. Kuna chumba cha stoo chini ya bweni la wasichana kimejaa meza zilizovunjika, tuanzie hapo. Chumba kikifunguliwa, leteni fomu yenu. Nitampigia mama, nitamsomea swali kwa swali, na atakachojibu ndicho nitakachoandika.