Watu 12 wa Milola

Wadau, chukulieni kijana wa Milola katengeneza gemu ya bao ya simu. Anawalipa Google dola 25, mara moja tu. Safi. Lakini tangu Novemba 2023, mwenye akaunti mpya binafsi haruhusiwi kuweka gemu yake Play Store mpaka ijaribiwe na watu 20 kwa siku 14 mfululizo. Desemba 2024 wakashusha hadi 12. Akaunti za kampuni? Sharti hilo haziwahusu!

Eti ni kulinda ubora. Jamani, mwenye hela ananunua watu wa kujaribu mtandaoni, biashara hiyo ipo. Anayekwama ni huyu ambaye washkaji zake wanatumia vitochi.

Pimeni gemu, msipime simu za marafiki. Au nakosea?