Mgonjwa aambiwe ukweli kabla ya kubanduliwa utando wa jicho

Mkazi wa Kakoba au mkimbizi wa Nakivale anayeambiwa kuwa jicho lake linahitaji upasuaji huwa na swali moja: ataona tena? Mbarara ina Kituo cha Macho cha Ruharo na kile cha hospitali ya rufaa ya chuo kikuu, na wengi wamewaona jirani zao wakitolewa mtoto wa jicho, bandeji ikafunguliwa kesho yake wakaona. Hudhani kila upasuaji wa jicho uko hivyo.

Utando unaoota juu ya retina ni jambo jingine. Huikunja sehemu ya katikati, ile ya kusomea na kutambua sura, hadi fremu ya mlango ikaonekana imepinda. Daktari huubandua, lakini retina iliyokunjwa muda mrefu hujinyoosha polepole. Nafuu huja kwa miezi, pengine mwaka, na mara nyingi kupinda kidogo hubaki. Mzee mwenye lenzi yake ya asili huenda akapata mtoto wa jicho baadaye.

Hakuna daktari awezaye kuahidi matokeo, ila dalili zipo. Picha ya OCT huonyesha kama tabaka za retina ziko mahali pake na kama chembe zinazopokea mwanga ni nzima. Aliyeingia akiona vizuri kwa kawaida hutoka akiona vizuri zaidi ya wengine, ingawa aliyeingia na hali mbaya ndiye anayeweza kupiga hatua kubwa.

Haya yasemwe kabla ya mgonjwa kutia sahihi, tena kwa lugha anayoielewa. Nakivale kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Kiswahili huwaunganisha wengi wao. Baraza la mawaziri la Uganda lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Lugha rasmi isiyofika katika chumba cha daktari ni pambo tu.

Asiyeambiwa ukweli atarudi nyumbani akilalamika kuwa ameharibiwa jicho, na jirani mwenye mtoto wa jicho, ambaye angeona, atakataa kwenda. Vituo viajiri wakalimani waliofunzwa. Wahudumu wa afya wa vijiji nao wafundishe watu kufunika jicho moja na kutazama mstari ulionyooka; ukipinda, safari ya hospitali isingoje.