Posta ya kisasa, lakini kwa nani?

Wandugu wa mine na wa muji,

Kila mara wakubwa wanatuambia: posta ya Kongo itakuwa ya kisasa. Vema. Sisi tunauliza: kwa nani?

Angalieni Lubumbashi. Wabeleji walipojenga Elisabethville, posta waliiweka katikati ya muji wa Wazungu. Sisi tulikaa Kamalondo, na kati yetu nao wakaacha uwanja mupana mutupu, tusije tukawakaribia. Mutumikaji mwenyi barua ya kumupelekea mama yake aliuvuka uwanja ule kwa miguu. Uhuru ulikuja 1960, jina la muji likabadilishwa 1966. Posta? Watu wamejaa Katuba, Kenya na Ruashi, lakini ukisema « Posta », hata mutoto anakuonyesha palepale mujini.

Majina ndiyo waliyobadilisha sana. Mwaka 1968 ilikuwa Ofisi, mwaka 2009 ikaamriwa kuwa kamupani ya biashara, SCPT. Mwaka 2013 waya wa fibra uliotoka baharini ulifunguliwa Muanda, ukawa mikononi mwa posta. Ni kazi kubwa, hatuikatai. Lakini waya haupokei kifurushi cha mujane wa Likasi.

Raia hawakungoja. Kifurushi cha Kolwezi tunamupa shofere wa bisi, tunaomba Mungu. Feza tunatuma kwa telefoni: M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na leo kila kona iko kijana na mwavuli wake, meza na kiti. Huyo ndiye posta yetu! Yuko mulangoni kwetu, anajua majina yetu. Ila kila tukituma tunakatwa, na faida inakwenda kwa kamupani za telefoni zenye wenyewe Afrika Kusini, India, Ufaransa. Kazi ile ya kupeleka feza ilikuwa ya posta. Nani aliiacha ianguke?

Basi tunataka madirisha madogo ya posta: sokoni, karibu na kambi za mine, hata ndani ya duka la mutu mwaminifu. Barua, kifurushi, feza, pensioni, yote kwa dirisha moja. Na wenyi kukaa pale walipwe kila mwezi. Watumikaji wa posta wamekwisha kulia sana juu ya mishahara yao.

Wenyi duka hao walindwe pia na mashini. Uingereza, tangu 1999, posta ndogo za namna hii zilipewa mashini ya hesabu, Horizon. Mashini ilikosea, wakubwa wakaiamini kuliko watu, na watu zaidi ya 900 wakahukumiwa kama wezi. Wengine walifungwa. Mpaka 2024 ndipo bunge lilipotunga sheria ya kufuta hukumu zile. Hapa kwetu, hesabu ikipotea, mutu asikilizwe kwanza.

Wakija na karatasi ya mupango wao, tutatafuta mule majina ya Katuba na Ruashi. Tusipoyaona, tutawarudishia karatasi yao.